Nilivyojaza nakshi ya mbao kwa epoksi mara ya kwanza

Miaka yote nimeziba nyufa za mbao kwa unga wa msumeno na gundi nyeupe, wala sikuona sababu ya kuacha. Mpaka nilipotaka jani la buluu juu ya kifuniko cha kisanduku. Nikanunua epoksi, yaani chupa mbili za majimaji yanayoganda kuwa magumu yakichanganywa, resini na hadina (kigandishaji chake), pamoja na unga wa rangi unaometameta.

Kuchonga hakukunisumbua: patasi nyembamba, kina cha milimita 4 hivi, basi. Kasheshe ilikuwa vipimo. Chupa zimeandikwa 2 kwa 1 kwa ujazo, nami kwa ujanja wangu nikaweka kikombe kwenye mizani. Kumbe resini na hadina hazilingani uzito, kwa hiyo gramu 20 kwa 10 si sawa na mililita 20 kwa 10. Kipande cha majaribio kilikuwa kinanata hadi kesho yake. Nikakitupa, nikatafuta vikombe vyenye mistari ya vipimo.

Safari hii nilikoroga polepole dakika 4, nikikwangua kuta na kitako cha kikombe, maana kinachobaki pembeni bila kuchanganyika hakigandi. Nikajaza jani hadi likavimba juu ya ubao kidogo, kwani epoksi hushuka ikinywewa na mbao. Halafu mapovu. Jamani, mapovu! Hayakutoka kwenye kikombe, yalitoka kwenye ubao wenyewe, hewa ikipanda kupitia vitundu vyake. Napitisha mwali wa gesi haraka, yanapasuka, yanakuja mengine. Ilitakiwa kwanza nipake tabaka jembamba la epoksi isiyo na rangi, kisha ndiyo nijaze. Tabaka hilo lingezuia pia buluu kupenya: pale patasi ilipokata nyuzi kwa kukingama, rangi imeingia ndani na ncha ya jani imetapakaa kama wino kwenye gazeti.

Onyo lililoandikwa kwa herufi ndogo mno: mchanganyiko uliobaki kikombeni hupata moto wenyewe. Wangu ulikuwa robo kikombe tu, ukalainisha plastiki. Usiumwage kwenye pipa lenye unga wa mbao.

Baada ya saa 48 nikaanza msasa, namba 80. Moyo ulinishuka: buluu yote imegeuka ukungu wa maziwa. Nikaendelea 120, 180, 240, 320, barakoa usoni, na nilipopaka mafuta rangi ikarudi kama imelowa maji. Hapo ndipo nilipoacha kujuta. Glavu nazo usizidharau, ngozi ikishaikataa epoksi huwa haisahau.

Kwa nyufa za kawaida narudi kwenye unga na gundi yangu. Kwa nakshi nitanunua tena. Ubao wa pili nimeshaupaka lile tabaka la kwanza, nasubiri ligande.