CPN kule Katuba, kwa mama aliyetoka Zambia

Mulamu wangu, yaani shemeji, ni mtu wa Ndola. Aliolewa na mdogo wangu, akavuka mpaka wa Kasumbalesa kuja kwetu Kongo mimba ikiwa ya miezi mitano. Anajua Kibemba na Kiingereza. Kiswahili chetu bado anakitafuta, Kifaransa hata kidogo. Nilimpeleka CPN, kliniki ya wajawazito, kwenye kituo kimoja cha afya kule Katuba, hapa Lubumbashi. Jina naliacha, maana nitasifu na nitalalamika.

Kazi yenyewe wanaijua. Presha, uzito, utepe juu ya tumbo, moyo wa mtoto ukasikilizwa bila haraka. Damu ya UKIMWI na kaswende, majibu siku ileile. Chandarua walimpa bila kuombwa.

Shida iko mapokezi. Mulamu alikuja na kadi yake ya Zambia, imeandikwa kwa Kiingereza: chanjo ya pepopunda, vipimo, dawa. Yule wa mezani hakuifungua hata. Fishi mpya, yaani kadi ya hapa, lipa. Vipimo upya, lipa. Kule kwao ada za vituo vya msingi zilifutwa tangu 2012, kwa hiyo mulamu aliniangalia kama mtu anayeibiwa mchana.

Pesa basi, tuache. Kubwa ni Fansidar ya kuzuia malaria: vidonge vitatu kwa mara moja, unameza mbele ya muuguzi, na toka dozi hadi dozi mwezi upite. Yeye alikuwa amemeza Ndola, wiki tatu hazijaisha. Mimi niko dirishani nalipa, yeye tayari ana vidonge mkononi, anakataa kwa Kibemba, wanadhani ni ukaidi. Mama mmoja mtu mzima akapaza sauti toka kwenye benchi: "Mama muganga, anasema alikunywa kwao!"

Muuguzi akasoma kadi, akarudisha vidonge, akanakili tarehe zote kwenye fishi kwa mkono wake. Hapo nilimheshimu. Lakini dalili za hatari, damu kutoka, kichwa kuuma sana, uso kuvimba, zilielezwa na yuleyule mama wa benchi, ambaye halipwi. Lubumbashi hii ikose muuguzi wa Kibemba?

Tutarudi. Wewe unayemleta mgeni, mfungulie kadi kwenye ukurasa wa dawa, na fika mapema, mafundisho hayarudiwi. Ekografi, ile picha ya mtoto tumboni, hawana, wanakutuma mjini, na huko wanataka dola, tena iliyochanika kidogo hawaipokei.