Ofisi ya kujaza fomu za viza hapa Dodoma: karanga, dharau na wanangu wawili

Naandika hasira ikiwa haijaisha, kwa hiyo mtanivumilia.

Mume wangu yuko Ohio, Marekani. Tulipofunga ndoa alikuwa na grini kadi tu, yaani kibali cha kuishi kule moja kwa moja bila kuwa raia, akaniombea kwa fomu ya I-130, ile ya kumwombea mtu wa familia ahamie kule, na wanangu wawili niliozaa kwenye ndoa ya kwanza wakaingia humohumo kwa mgongo wangu. Kwa mwenye grini kadi inaruhusiwa. Makaratasi tuliwapa jamaa wa ofisi moja mjini, wale wanaojaza fomu, kutafsiri vyeti na kufuatilia faili. Mwanzoni sikuwa na neno nao.

Kisha mume wangu akaapishwa uraia. Huku Nkuhungu tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Siku chache baadaye nikapanda bodaboda hadi ofisini na swali moja tu: je, kuna kinachobadilika?

Yule bwana alikuwa anamenya karanga. Anamenyea wapi? Juu ya cheti changu cha ndoa, maganda yanadondokea kwenye mhuri. Hata kuniangalia hakuniangalia. "Mambo yamekuwa mepesi, mama. Foleni hakuna tena." Na watoto? Akapuliza maganda. "Watoto si wanakufuata kama vifaranga? Au unataka uwaache kwa bibi yao?" Wenzake wakacheka. Nilipouliza mara ya pili, akaniuliza nimeishia darasa la ngapi. Mbele za watu! Na bado nikatoa hela ya kufuatilia faili. Hiyo hela ndiyo inayoniuma.

Tena kuhusu foleni alisema kweli: mke wa raia hawekwi kwenye ile foleni ya viza zinazotolewa kwa idadi maalumu kila mwaka. Ila mke wa raia habebi watoto mgongoni. Kila mtoto anaombewa kwa fomu yake, kwa ada yake. Ule uapisho tulioupigia vigelegele ndio uliowatoa wanangu kwenye faili, na mtu tuliyemlipa atuambie alikuwa anapuliza maganda.

Miezi ikapita, ikaja barua pepe kutoka Kituo cha Taifa cha Viza kule New Hampshire, wale wanaoandaa faili kabla ya usaili wa viza. Jina langu peke yangu. Nikawa naisukuma simu kwa kidole, nadhani ya watoto yako chini. Binti yangu mdogo amesimama begani kwangu: "Mama, mimi niko ukurasa wa ngapi?"

Nikampigia yule bwana. "Nilijaza mlichoniambia." Akakata.

Mume wangu kawajazia upya mwenyewe, mtandaoni, dola 625 kila mmoja. Bahati yetu yule mkubwa alikuwa na miaka 16 tulipofunga ndoa. Mtoto wa kambo anakubaliwa kama ndoa ilifungwa kabla hajafikisha 18. Angekuwa na 18 siku ile, baba yake wa kambo asingeweza kumwombea kabisa. Bwana karanga hakuwahi hata kuniuliza umri wao.

Nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Lakini yupo dada mmoja anayekaa karibu na mashine ya kutolea kopi, ndiye aliyetafsiri talaka yangu ya Mahakama ya Mwanzo. Neno kwa neno, na saini yake chini kwamba Kiingereza anakijua. Haikurudishwa hata mara moja. Kwa tafsiri, basi, nendeni, mwulizieni yeye. Nyota tatu.

Hapana, mbili. Maana na yeye siku ile alicheka.

Na jamani, moja inatosha. Nimekumbuka talaka yenyewe, ile halisi, bado iko kwenye droo ya yule bwana, na kwenye usaili wanataka halisi. Jumatatu narudi palepale, niseme shikamoo kwanza.