Pray As You Go: kwa sisi tunaosali kwa maneno mengi

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Rozari sina tatizo nayo, novena kadhaa, zile sala za siku tisa mfululizo, nimezihifadhi kichwani, na nikianza kuomba kwa maneno yangu mwenyewe Mungu hapati upenyo wa kujibu. Kwa hiyo padre aliponishauri nijaribu Pray As You Go, nilimwambia sala ninazo za kutosha. Akacheka: "Hii siyo ya kuongeza sala, mama. Ni ya kukunyamazisha."

Ni programu ya simu, na kwenye tovuti ipo vilevile, bure. Wajesuiti wa Uingereza, watawa wa shirika la Kikatoliki, waliianzisha mwaka 2006, enzi za kupakua sauti na kuzisikiliza njiani kwa vile vicheza sauti vidogo vya mfukoni. Kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ina kipindi chake cha dakika kama 10 hadi 13, na mwisho wa juma kuna kimoja. Unasikia wimbo, kisha somo la Biblia, halafu msomaji anauliza maswali mawili matatu kwa sauti ya taratibu. Baadaye somo lile lile linasomwa tena.

Hapo kwenye kusoma tena ndipo ilipo thamani yake yote. Chukua habari ya Bartimayo katika Marko 10. Nimeisikia tangu utotoni, na mara ya kwanza asubuhi ile nilisikia nilichozoea kusikia: kipofu amepiga kelele, kipofu amepona. Liliposomwa mara ya pili nikasikia kwamba alitupa vazi lake akamwendea Yesu akiwa bado haoni. Hajapona, na keshatupa vazi! Na Yesu anamwuliza anataka afanyiwe nini, kana kwamba shida yake haionekani. Nilikuwa na orodha ndefu ya kumwombea kila mtu siku hiyo. Swali lile likaniganda, nikashindwa kulijibu kwa sentensi moja, na orodha ikasubiri.

Masomo mengi yanafuata kalenda ya Misa, ile ya mzunguko wa miaka 3 kwa Jumapili na miaka 2 kwa siku za kawaida. Hilo nalipenda kwa sababu mbili. Kwanza, ukienda kanisani jioni unakuta Injili mliyokwisha kusalimiana asubuhi. Pili, huchaguliwi vipande vitamu tu. Siku ya kuambiwa uwapende adui zako ikifika, imefika.

Ukimya wake lakini ni mfupi mno. Swali la kwanza bado linanichoma, la pili limeshaingia. Dawa ni kusimamisha sauti kwa kidole na kukaa hapo mpaka uridhike. Programu haina haraka, ni sisi tunaodhani ikishaanza lazima iishe. Kiingereza nacho ni kikwazo kwa mtu ambaye moyo wake unasali kwa Kiswahili. Mimi husoma kwanza Injili ya siku katika Biblia yangu, kisha ndipo nabonyeza. Nikipotewa na neno la msomaji, somo ninalo tayari.

Kuhusu muziki, sikio lako ndilo litakaloamua. Utakutana na nyimbo za Taizé, jumuiya ya watawa huko Ufaransa yenye nyimbo fupi za kurudiarudia, nyimbo za kimonaki, na nyingine za utulivu. Rafiki yangu Mpentekoste alisikiliza vipindi vichache akaniuliza nani amekufa. Simlaumu. Anayeingia ibadani kwa makofi na vigelegele hatapata hapa mahali pa kuinua mikono, na kusifu kwa nguvu zote ni sala kamili, haihitaji kufundishwa kunong'ona.

Usiishie kwenye kipindi cha siku. Ndani kuna pia ile sala ya kuipitia siku iliyokwisha, aliyoifundisha Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, na kwangu hiyo ndiyo bora kuliko vyote. Wengi wetu kuchunguza dhamiri tunakujua kama maandalizi ya kitubio: unahesabu dhambi, unajuta, basi. Inyasi anaanza na shukrani. Unashukuru, unaomba mwanga, unaipitia siku saa kwa saa, unaomba msamaha palipoharibika, kisha unaitazama kesho. Ukianza na shukrani, hata ugomvi wa mchana unauona kwa jicho jingine. Siku moja nilikuta niliyemkasirikia asubuhi ndiye aliyenisaidia kazi alasiri, na nilikuwa sijamshukuru.

Kama sala yako tayari ni ya kimya na inakuridhisha, sioni itakuongezea nini. Ukiwa kama mimi, anza na hiyo ya jioni kabla ya ile ya asubuhi. Na uzime taarifa za ujumbe kwanza, maana simu inayokusomea Injili ndiyo hiyo hiyo yenye kundi la ukoo.