Uzoefu wangu: Usiku mmoja na mama katika kitengo cha dharura

Mama yangu ana umri wa miaka 74 na anaishi na kisukari. Usiku mmoja tulimkuta amelowa jasho, maneno yake hayaeleweki, na hadi bajaji ilipotufikisha kitengo cha dharura cha hospitali moja hapa Tanga, alikuwa hata akiitwa haitikii. Naandika kuhusu dada muuguzi aliyetupokea.

Kabla ya kushika kifaa chochote, alimwamkia. "Shikamoo bibi, mimi ndiye muuguzi wako usiku huu. Nakuchoma kidole kidogo, nipime sukari." Mama hakuwa na uwezo wa kujibu, lakini kila hatua aliyotaka kuchukua alimweleza kwanza, kana kwamba anasubiri ruhusa yake. Kipimo kilisoma 1.9, ilhali sukari iliyo chini ya 4 tayari huhesabiwa kuwa imeshuka. Mishipa ya mama hupatikana kwa shida. Sindano ya kwanza haikukaa, akamwomba radhi kwa sauti, akapata mshipa mwingine na kumpitishia glukosi polepole. Baada ya dakika chache mama alifumbua macho na kuuliza kanga yake iko wapi.

Ilikuwa imekunjwa vizuri kando ya kichwa chake. Wakati wa kubandika nyaya za kipimo cha moyo, muuguzi alikuwa amevuta pazia, akaniomba mimi, mwanawe wa kiume, nisubiri nje, na akamfunika shuka. Wanaomjua mama wataelewa kwa nini jambo hilo lilimtuliza kuliko dawa.

Nilikiri kwamba mimi ndiye niliyempa kidonge chake cha glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, jioni bila kuhakikisha kwamba amekula. Nilijiandaa kukaripiwa, maana si mara ya kwanza kukaripiwa hospitalini. Badala yake alivuta kiti, ambacho kwa kweli kilikuwa kimoja tu kwa wagonjwa watatu, akanieleza kwamba dawa hiyo hukaa mwilini saa nyingi, hasa kwa wazee ambao figo zao zimechoka, kwa hiyo sukari inaweza kushuka tena hata baada ya mgonjwa kuamka na kuzungumza vizuri, na ndiyo sababu mama asingeruhusiwa kurudi nyumbani usiku ule. Ndivyo ilivyokuwa: alfajiri ilishuka hadi 3.2, daktari akaagiza dripu. Kila muuguzi alipopima, na alipima kila saa, alinitajia namba niiandike kwenye simu, nami nikajiona nina kazi ya kufanya badala ya kukodoa macho tu.

Dirisha la malipo lilinirudisha mara tatu kwa karatasi ileile. Hilo halimhusu yeye.

Zamu ilipobadilika asubuhi, alimkabidhi mama kwa mwenzake pale pale kitandani, nasi tukisikia: vipimo vya usiku kucha, mkono wenye mishipa mizuri, na kwamba bibi huyu hapendi kuitwa "mgonjwa". Daktari alimbadilishia dawa kabla hatujaruhusiwa.

Wiki mbili baadaye, siku ya kliniki, mama alitaka tupitie kwanza kitengo cha dharura. Dada yule hakuwa zamu. Tuliacha salamu, pamoja na mfuko wa machungwa ambao mama aliukagua mara mbili njiani.