Boti ya elfu 35 kulizunguka Jiwe la Bismarck: mimi sirudi

Nimeibiwa mchana kweupe na hela nimetuma mwenyewe kwa simu.

Shemeji zangu wawili walitoka Dodoma kuja kwetu Mwanza, Ziwa Victoria hawajawahi kuliona, sasa na wewe mwenyeji si lazima uonekane mwenyeji, nikakutana na tangazo la boti ya jioni, elfu 35 kwa kichwa, saa nzima na kinywaji juu. Tuko wanne na mama watoto, laki na arobaini hiyo imeenda. Majini tulikaa dakika 20, niliangalia saa. Kinywaji soda ya moto. Jaketi la kuokolea nililopewa linanuka dagaa, klipu imekatika wameungia kamba, nauliza vipi hii jamaa ananijibu "we kaa katikati tu mzee haina shida".

Na kivutio chenyewe ni Jiwe la Bismarck, lile lile ambalo ukisimama ufukweni pale karibu na kivuko cha Kamanga unaliona bure na mahindi ya kuchoma mkononi! Mwongozaji naye eti Wajerumani ndio waliyapachika yale mawe juu. Wapi bwana, ni mwamba umeliwa na mvua na jua miaka na miaka mpaka mawe yakabaki yamebebana, kama yaliyojaa vilima vyote vya Mwanza hadi nyuma ya choo changu, Mjerumani alichopachika ni jina la Chansela wake. Shemeji mdogo akaninong'oneza "shem, ndo hili?" nikajifanya naangalia ndege.

Kesho yake nikawapandisha kivuko cha Kamanga, kwenda na kurudi, nauli ya kawaida na kuku wa watu miguuni, jiwe wakaliona tena na mji wote ulivyokwea vilimani. Walipiga picha mpaka simu zikazima.

Jumapili tukaenda Bujora, kwenye makumbusho. Daladala ya Kisesa, unashuka, boda inakupandisha. Kiingilio kipo, nisiwadanganye, ila wote wanne hatukufikisha hela ya mtu mmoja wa boti. Makumbusho haya ya Wasukuma aliyaanzisha padri kutoka Kanada, David Clement, miaka ya 1950, kuna jengo lina umbo la kiti cha mtemi na ndani ndio zimepangwa ngoma za watemi. Kilichonimaliza ni namba: kumbe zamani kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia moja hadi kumi, rika lingine wasielewe. Mimi Msukuma wa kuzaliwa nafundishwa hayo mbele ya shemeji Wagogo, aibu na raha kwa pamoja. Tukaelezwa na Bagika na Bagalu, vile vyama vya ngoma ambavyo mpaka leo vinashindana kwenye sherehe za Bulabo mwezi wa sita, karibu saa mbili nzima na hakuna aliyetukimbiza. Bebeni kofia tu, jua la kule halina utani.

Binamu yangu yuko London anasema nako ni hivyo hivyo, British Museum imefunguliwa 1759 na kuingia ni bure, ila ukitaka kupanda lile gurudumu la London Eye andaa hela ya mbuzi.

Boti nyota moja, na hiyo ni ya machweo. Shemeji washarudi Dodoma, ila mama watoto nikiulizia nyama ananiambia nikaitafute kwenye boti.