TAHADHARI: nimeuziwa waya wa kamera wa alumini nikaambiwa kopa (shaba) tupu, wana Mbeya kuweni macho

Jamani naandika nikiwa na hasira kidogo mnisamehe. Mimi nafuga kuku wa nyama huku Uyole, banda liko kama mita 50 kutoka nyumbani, mwaka huu nimeibiwa mara mbili ndo nikaamua nifunge kamera ile ya waya kabisa, sio ya wifi wala ya betri. Nikaenda Mwanjelwa kwa jamaa mmoja, duka silitaji ila mtamjua kwa maneno yake, kila kitu kwake ni "orijino mama, hii nakupa kwa sababu ni wewe". Akanipa kamera ya volti 12, adapta, DVR (kile kisanduku kinachorekodi picha) na boksi la waya ile RG59, waya ya picha iliyoungana na nyaya mbili za pawa, juu wameandika kopa asilimia 100. Akanipa na fundi wake wa kufunga.

Mchana picha safi, unaona hadi kuku anavyochakura. Giza likishika tu nasikia kwenye kamera "tik", zile taa nyekundu zinawaka, picha inakaa sekunde chache inapotea, inarudi, tik tena, inapotea, mpaka asubuhi. Yaani mlinzi analala tukilala sisi!

Nikampigia. Eti kamera imekuja mbovu mama, ongeza elfu 45 nikupe toleo jipya. Nikaongeza, vile vile. Akasema umeme wa Tanesco huko kwenu uko chini, akaniuzia adapta ya ampia 5 kwa elfu 35, vile vile. Nikamwambia basi itakuwa waya, akamtuma fundi, na hapa ndo msikilize vizuri maana ndo mchezo wenyewe: fundi akachomoa kamera, akapima ncha ya waya huku haina mzigo wowote, "ona mama, 12 kamili, waya mzima". Mimi na macho yangu nikaona 12 nikaamini. Mara ya tatu wananiambia DVR imechoka, hapo nikashtuka, DVR ya wiki tatu imechoshwa na nini?

Aliyenisaidia ni kijana wa jirani anasoma umeme VETA. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akauliza swali moja tu, inazima mchana au usiku? Nikasema usiku. "Basi mama usinunue kitu kingine." Akapima kwenye adapta ndani, volti 12.1. Tukaenda bandani akapima kamera ikiwa imechomekwa inafanya kazi, saa kumi jioni hiyo, 10.7. Tukasubiri giza, taa zikawaka, akapima tena, 8.7!

Akanielewesha kwamba zile taa za usiku zinavuta umeme mwingi, na kamera ikivuta zaidi ndo volti inapotelea zaidi njiani ndani ya waya mwembamba mrefu, volti ikishuka sana kamera inazima, ikizima mzigo unaisha volti inapanda inawaka tena, ndo hiyo tik tik. Ukichomoa kamera hakuna kinachovuta kwa hiyo hata waya dhaifu namna hii itakusomea 12. Na adapta ya ampia 5 haikuwa na kosa wala msaada, volti yake ni 12 ile ile, anayekula ni waya.

Halafu akachukua kisu cha jikoni akakwangua uzi mmoja wa pawa. Juu wekundu wa shaba, chini mweupe kama sufuria. Akaupitishia kiberiti cha gesi ukalainika ukakatika, alichukua na kipande cha kopa kwenye begi lake akakiwasha kikawa chekundu tu basi. Kumbe ni alumini imevishwa kopa kwa juu, na kwa unene ule ule inabana umeme zaidi ya kopa tupu kwa zaidi ya nusu. Wa kamera za waya za neti nao wakwangue, Cat6 za namna hii zimejaa, boksi lake ukilibeba ni jepesi kuliko la kopa.

Kuna na maungio, fundi alisokota nyaya akazungusha tepu nyeusi tu chini ya paa la banda ambapo mvua inapiga. Tulipofungua maji yalichuruzika, ndani unga mweupe na ukijani. Na mvua zetu za huku mnazijua, zikianza Novemba hadi Aprili bado upo nazo.

Nimenunua waya ya kopa ya 1.5 (unene wa milimita za mraba) kwa ajili ya pawa peke yake, maungio tumeyaingiza kwenye kiboksi cha plastiki, adapta nimerudisha ile ile ya mwanzo. Usiku inasoma 11.3 na picha haijakatika tena. Kijana alikataa hela nikampa kuku wawili, ndaga fijo (asante sana) mwanangu.

Nilirudi dukani na kipande kilichokwanguliwa. Jamaa hata hakukishika, akanionyesha chini ya ile karatasi yake ya mkono "mali ikiuzwa hairudishwi". Kosa langu, sikudai risiti ya EFD, na hata ungedai hakikisha imeandikwa neno kopa, isiandikwe "vifaa" tu. Na msilipe kabla hamjakwangua, nenda na kiwembe mfukoni, muuzaji akikukataza kukwangua, ondoka zako. Mimi nawapelekea Tume ya Ushindani malalamiko hata kama hela hairudi.

Boksi lina mita zaidi ya 200 zimebaki, nimeliweka stoo kama ushahidi, baba watoto anasema tuanikie nguo.