Bushi za difu ya nyuma kwenye Impreza WRX na STI (GD): zipi ununue, zipi uziache dukani

Subaru Impreza ya umbo la GD ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, na uzalishaji wake ukaishia 2007. Kwa hiyo mpira wowote wa kiwandani uliobaki chini ya gari hilo leo umeshafikisha umri wa kupiga kura. Taba imefunguliwa mara mbili, egzosti imepanuliwa, rimu zimebadilishwa, lakini bushi za difu, yaani mipira inayoishikilia boksi ya gia ya ekseli ya nyuma, ni zile zile zilizokuja na gari. Siku moja mwenye gari anaachia klachi, anasikia "ko!" chini ya kiti cha nyuma. Akifika dukani anaulizwa kama anataka za mpira au za poli (poliyurethani, plastiki inayonyumbuka lakini ngumu kuliko mpira). Jibu la swali hilo ni "inategemea ni bushi ipi", kwa sababu difu hii haikushikwa mahali pamoja, na kila mahali pana kazi yake.

Difu imeshikwa wapi

Mbele, pua ya difu imefungwa kwenye mkono wa chuma unaolala kwa upana wa gari. Kila ncha ya mkono huo ina bushi, na bolti inapita katikati ya bushi kwenda kwenye bodi. Nyuma, mfuniko wa difu una stadi mbili zinazoingia kwenye bushi mbili zilizokandamizwa ndani ya krosmemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari), kisha zinafungwa kwa nati za kujikaza zenyewe. Krosmemba nayo imekaa juu ya mipira yake.

Ukikanyaga mafuta, pua ya difu inataka kupanda juu. Ukiachia, inashuka. Mchezo huo wa kupanda na kushuka unaangukia zaidi bushi za mbele, na ndiyo maana mlio wa kuachia na kukanyaga mafuta mara nyingi unatoka huko. Bushi za nyuma zinabeba uzito, zinazuia difu isijipinde, na zinameza mvumo wa gia usipande hadi ndani ya gari. Ukishalijua hilo, nusu ya uamuzi wa kununua umeshaisha: mbele panavumilia ugumu, nyuma hapapendi.

Kabla ya kutoa hela

Mlio wa "ko" una baba wengi. Wa kwanza kuchunguzwa ni kile kimkono kifupi kinachounganisha gia boksi na ukuta wa nyuma ya injini, chini ya intakula (kipoza hewa ya taba). Kina bushi mbili ndogo, kinabadilishwa kwa juu bila kulala chini ya gari, na bei yake ni ndogo kuliko kazi ya kushusha difu. Zikiwa zimelegea, injini nzima inayumba mbele na nyuma kila ukibadili gia, na mlio unadanganya sikio kana kwamba umetoka nyuma. Halafu angalia maunti ya gia boksi. Kisha, gari likiwa juu ya stendi nne, injini imezimwa na gia ziko huru, shika propela shafti uizungushe kidogo huku na huku ukitazama misalaba yake na bearingi ya katikati. Msalaba uliokufa haufichiki.

Bushi zenyewe zipime kwa mtaimbo mfupi. Uweke kati ya pua ya difu na bodi, sukuma taratibu. Mpira mzima unanyumbuka milimita chache na kurudi. Ukiona mpira umeachana na chuma chake, umechanika mwanzo hadi mwisho, au chuma kinagusa chuma, hiyo imekwisha. Mikunjo midogo ya juujuu kwenye mpira wa zamani si ugonjwa.

Angalia pia kama mpira umelowa oili na umevimba mithili ya mkate uliotiwa chai. Hapo sili ya pua ya difu au ya shafti inavuja, na oili ya difu inalainisha mpira mpaka unaoza. Ukifunga bushi mpya bila kubadili sili, mpya nazo zitakwenda njia ile ile.

Orodha yetu, kwa gari la barabarani

Nafasi ya kwanza: mpira mpya wa kiwandani, mbele na nyuma. Ushauri huu hauna mvuto kwa mtu aliyekuja kutafuta ugumu, lakini gari la GD lenye mpira mpya kila mahali linashangaza wengi waliolizoea likiwa limechoka. Kuachia klachi kunakuwa laini, mlio unaondoka, na kelele haiongezeki. Kwenye barabara yenye matuta kila mita mia, au ya changarawe, hakuna chaguo linaloshinda hili.

Ununue kwa namba ya chasisi, siyo kwa jina la gari. WRX ya GDA ina difu ya R160. STI ya GDB ina R180 iliyo kubwa zaidi, na usidhani vipuri vyake vinaingiliana. Namba ya kipuri cha Subaru ina tarakimu tano, herufi mbili, kisha tarakimu tatu. Herufi zile zinaonyesha kipuri kilichochorwa kwa ajili ya umbo gani: FE ni Impreza GD, FA ni Impreza ya GC iliyotangulia, SA ni Forester ya SG, AG ni Legacy ya BL na BP. Vipuri vingine vinatumika kwenye maumbo zaidi ya moja, kwa hiyo kuona SA kwenye boksi si lazima iwe kosa, lakini ni sababu ya kumuuliza muuzaji akuonyeshe kwenye katalogi.

Nafasi ya pili: poli mbele, mpira mpya nyuma. Kwa anayependa gari liitikie mguu haraka, huu ndio mchanganyiko wenye faida kubwa kwa kero ndogo. Bushi za mbele za poliyurethani kwa GD zinatengenezwa na Whiteline na Kartboy, miongoni mwa wengine. Pua inaacha kuruka, lakini mpira wa nyuma unaendelea kumeza mvumo. Tarajia sauti kidogo ya gia unapoachia mafuta ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu. Ikiwa difu yako tayari inavuma, itavuma zaidi, na wala si kosa la bushi.

Usinunue poli kwa rangi. Kwa Powerflex, zambarau ina ugumu wa 80 kwa kipimo cha Shore A na nyeusi ina 95, lakini rangi hizo hazina maana hiyo kwa mtengenezaji mwingine. Uliza namba ya Shore. Kwa barabara, 80 hadi 85 inatosha. 90 kwenda juu iachie gari la mashindano. Kifurushi kizuri kina pia vibomba vya chuma vya katikati na grisi yake. Kisichokuwa na vibomba, acha: bolti itasugua poli moja kwa moja na kuila.

Nafasi ya tatu: vijazio vya poli. Hivi ni vipande vinavyosukumwa ndani ya mianya ya bushi ya mpira iliyopo, hasa zile za nyuma. Havihitaji presi, na difu inashushwa kidogo tu au haishushwi kabisa. Uzuri wake ni bei na urahisi. Lakini vinasaidia mpira uliolegea, havifufui uliochanika. Wengi wanavifunga juu ya bushi iliyokwisha, mlio unapungua miezi miwili, halafu unarudi. Ukishaona mpira umeachana na chuma, ruka chaguo hili.

Nafasi ya nne: mpira mgumu wa Group N (daraja la rali la magari yaliyotokana na ya kiwandani). STI, kampuni ya mashindano ya Subaru, imekuwa ikiuza maunti za aina hii kwa magari ya rali. Ni mpira kama wa kawaida ila mgumu zaidi, haulii wala hauhitaji grisi. Ukipata za difu ya chasisi yako, ni kitu kizuri pengine kuliko poli. Tumezishusha hadi hapa kwa sababu ya upatikanaji na bei tu, kwani kuagiza bushi moja moja kutoka Japani kunaweza kuliacha gari juu ya stendi wiki kadhaa.

Nafasi ya tano: poli kila mahali, krosmemba ikiwemo. Kwa anayeendesha gari kila siku na kwenda nalo uwanjani mara mbili kwa mwaka, hii inakubalika, mradi abiria wa nyuma wawe wavumilivu. Fanya yote kwa pamoja. Ukikaza difu halafu krosmemba ikabaki kwenye mpira uliokufa, mchezo haujaondoka, umehamia tu.

Nafasi ya sita: aluminiamu. Ni ya gari la mashindano pekee. Hainyumbuki hata kidogo, kila mshtuko unakwenda kwenye stadi na mabano ya chuma, na sauti ya gia inaingia ndani kana kwamba difu imewekwa kwenye kiti cha abiria. Kosa baya zaidi ni kuchanganya aluminiamu upande mmoja na mpira laini upande wa pili: mpira unakubali kwenda, chuma kinakataa, na mabano yanapasuka katikati.

Usinunue kabisa: mkono wa mbele au krosmemba ya mitumba kwa ajili ya bushi zake. Muuzaji atakuambia gari lilitembea kilomita elfu sitini tu. Mpira hauhesabu kilomita peke yake; unakauka hata gari likiwa limeegeshwa. Mtumba wa chuma ni halali kama chako kimepinda au kimeoza kwa kutu, lakini utie bushi mpya. Vilevile epuka bushi za kuchonga za nailoni, ambazo ni aluminiamu kwa jina lingine, na kujaza mianya kwa gundi ya vioo vya gari. Gundi hiyo inafanya kazi kama kijazio kwenye mpira safi, mkavu na mzima, na chini ya gari la miaka hii ni nadra kuukuta mpira wa hivyo.

Vitu vya kununua siku hiyo hiyo

Ufundi wa kushusha difu ni mrefu kuliko wa kubadili bushi, kwa hiyo usiulipie mara mbili. Nunua nati mpya za kujikaza za stadi za nyuma, sili mbili za shafti, sili ya pua kama inavuja, vile viringi vidogo vya kufungia ncha za shafti kama za kwako zinavyo, na oili ya difu 75W-90 ya daraja GL-5. R160 inachukua lita 0.8, R180 lita 1.0. Lita moja inatosha yoyote kati yao.

Wakati wa kufunga

Fungua kizibo cha kujazia oili kwanza, kabla ya cha kumwagia. Kikigoma kufunguka, utajua mapema ukiwa bado na oili ndani.

Toa sehemu ya nyuma ya egzosti. Tia alama ya rangi kwenye flanji ya propela shafti na ya difu ili zirudi zilivyokuwa. Shafti za magurudumu zichomolewe kwa upande wa difu tu, zifungwe kwa waya zisining'inie, na meno yake yasiguse sili wakati wa kurudisha. Jeki ya gia boksi ikae chini ya difu kabla hujagusa nati za nyuma.

Kabla ya kutoa bushi ya krosmemba, piga picha na uweke alama kwenye chuma kuonyesha mianya ya mpira inaelekea wapi. Ikiingia imezungushwa, ugumu wa juu na chini unabadilika na kazi yote imeharibika. Pima pia kina chake. Itoe kwa kivutio chenye bomba na skrubu, au peleka krosmemba kwenye presi. Mafundi wengi hupenda kuichoma mpira kwa gesi. Chini ya Impreza usikubali: tangi la mafuta liko mbele tu ya difu. Kama gamba la chuma limeng'ang'ania, likate mstari mmoja kwa msumeno wa chuma kutoka ndani, ukisimama kabla ya kufikia tundu la krosmemba, kisha likunje kwa patasi.

Bushi mpya ya mpira ipakwe maji ya sabuni, siyo grisi ya kawaida wala oili. Ya poli ipakwe grisi iliyokuja nayo au ya silikoni. Ukikandamiza, sukuma gamba la nje. Ukisukuma katikati utachana mpira kabla gari halijawaka.

Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, za mbele na za nyuma, difu ikae yenyewe, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo kwa namba za kitabu cha chasisi yako. Ukikaza nati za nyuma kabisa kabla bolti za mbele hazijaingia, utazilazimisha kwa mtaimbo, na bushi mpya zitaanza maisha zikiwa zimepinda.

Jaza oili gari likiwa limelala sawa, mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia. Weka mstari wa rangi kwenye kila nati na bolti. Baada ya kilomita 500 lala chini utazame mistari kama imesogea. Kama bado haijasogea na "ko" lipo, sasa tazama jointi za ndani za shafti za magurudumu.